Moto wa TIG ukitangatanga, anza kuutazama mguuni

Moto wa TIG, yaani uchomeleaji wa umeme kwa ncha ya tangsteni na kinga ya gesi ya agoni, ukianza kucheza, mafundi wengi hukimbilia mashine. Ampea huzungushwa, tangsteni hubadilishwa, na umeme wa Mombasa hubeba lawama zote. Mara nyingi mashine haina kosa. Kosa liko mguuni, pale moto unapokanyaga chuma.

Kwenye TIG ya DC (umeme wa mwelekeo mmoja) tochi huwa hasi na kazi, yaani bamba unalochomelea, huwa chanya. Kwa hivyo bamba lako ndilo anodi, na kiasi cha theluthi mbili ya joto la moto hutua hapo. Mguu ukiyumba, joto huyumba nalo: ubavu mmoja wa mshono unalika, wa pili haushiki.

Mguu husimamaje?

Mkondo wa umeme ukitoka kwenye ncha ya tangsteni huwa umebanana. Sumaku ya mkondo wenyewe huibana gesi na kuisukuma chini kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde, kama maji ya mpira uliobanwa kwa kidole. Tuuite upepo wa moto. Juu tu ya bamba, katika unene wa milimita moja hivi au chini yake, kuna tabaka la gesi lililopoa. Hata chuma kilichoyeyuka, ambacho kimeshapita 1,538°C, ni baridi kando ya agoni iliyo kwenye kiini cha moto, inayopita 10,000°C. Gesi iliyopoa haipitishi umeme vizuri.

Upepo wa juu ukiwa na nguvu hulikandamiza tabaka hilo na kulipasha. Mkondo hutandaa, na moto huchukua umbo la kengele. Upepo ukilegea, mkondo hujitafutia mlango: penye joto zaidi kidogo hupita umeme zaidi, na panapopita umeme zaidi huzidi kupata joto, hadi mguu mzima unajikunja kuwa nukta moja kali. Nukta hiyo nayo hupuliza upepo wake kwenda juu. Pepo mbili zikigongana, mguu unarukaruka. Ndiyo maana moto mrefu wenye ampea chache hauna utulivu.

Kisha kuna mvuke. Atomu ya agoni huhitaji elektronivolti (kipimo cha nishati) 15.8 ili kuachia elektroni, ya chuma 7.9, na ya sodiamu 5.1 tu. Palipo na mvuke wa kitu kinachoachia elektroni kwa urahisi, mkondo huelekea huko. Sodiamu ndiyo hiyo iliyomo katika chumvi ya bahari, na bamba lililolala nje wiki mbili Shimanzi au Likoni limeshapakwa chumvi, uione usiione.

Jaribio la shaba

Kabla ya kugusa chochote, tafuta kipande cha shaba nyekundu chenye unene wa milimita 10 au zaidi. Kisugue kwa msasa hadi king'ae, kifute kwa asetoni, kifunge klempu ya arthi. Weka ampea 80, ncha iwe milimita 2 juu ya shaba, uwashe kwa sekunde tano hivi. Shaba haishiki sumaku na huondoa joto haraka, kwa hiyo inakuonyesha moto ulivyo bila fujo za bamba lako.

Ukiona kengele iliyotulia, tangsteni, gesi na mashine ni nzima. Ugonjwa uko kwenye kazi. Moto ukicheza hata juu ya shaba, shida iko kwenye tochi, gesi au mashine. Sasa inua tochi hadi milimita 7 na ushushe ampea ziwe 40. Mara nyingi utauona mguu ukijikunja na kuanza kuhama. Ukiuona hivyo mara moja, utaujua popote.

Sumaku au mguu?

Hapa ndipo watu wanapopotea. Moto unaovutwa na sumaku hupinda upande uleule kila mara, huzidi ukikaribia mwisho wa bamba, na hubadilika ukihamisha klempu. Mguu mbovu huruka ovyo, na klempu haiusaidii. Ning'iniza klipu ya karatasi kwa uzi karibu na mfereji wa mshono, mashine ikiwa imezimwa. Ikivutwa, chuma kina sumaku.

Kwa sumaku, sogeza klempu mbali na pale unapomalizia, au weka klempu mbili, moja kila upande. Fupisha moto, punguza ampea, na uchomelee vipande vya ziada mwanzo na mwisho wa mshono. Bomba lenye sumaku liviringe kwa kebo ya kuchomelea, mizunguko mitano hadi kumi, kisha pitisha mkondo. Ukiona klipu inavutwa zaidi, geuza mwelekeo wa mizunguko. Stenlesi ya 304 au 316 kwa kawaida haishiki sumaku, kwa hiyo moto ukitangatanga juu yake, usianze na sumaku, ila kama meza au jigi (kishikio cha kazi) iliyo chini yake ni ya chuma cha kawaida.

Kuusafisha mguu

Osha bamba kwanza kwa maji matamu. Maji ya kisima cha kisiwani mara nyingi yana chumvi, na kuoshea hayo ni kuongeza kile unachotaka kukitoa. Kausha kabisa. Kisha saga pande zote mbili za mshono, milimita 25 kila upande, hadi chuma kitoe mng'ao. Ile ngozi nyeusi ya kiwandani isibaki kwa mabaka, kwa kuwa mguu hupenda kuruka kwenye mipaka yake. Futa kwa asetoni na kitambaa cheupe, na uendelee kubadilisha kitambaa hadi kitoke cheupe. Kisafisha breki chenye klorini usikiguse: mvuke wake ukikutana na moto huweza kuzaa fosjini, gesi ya sumu.

Mabati yaondolewe zinki yote. Zinki huchemka kwa 907°C, kabla chuma hakijaanza kuyeyuka, hivyo mvuke wake hulipuka chini ya mguu na kurushia tangsteni uchafu. Moshi wake pia huleta homa.

Tochi na gesi

Kwa ampea 100 hadi 200, tangsteni ya lantanamu ya milimita 2.4 inatosha. Inoe kwa urefu, mikwaruzo ielekee nchani. Mikwaruzo ya kuzunguka hufanya moto uyumbe tangu juu. Ikigusa chuma kilichoyeyuka, kata ncha yote, usiipanguse tu. Umbali uwe milimita 2 hadi 3.

Agoni iwe ya 99.99% au zaidi, lita 8 hadi 12 kwa dakika, kikombe (mdomo wa tochi unaotoa gesi) namba 7 au 8. Kuongeza hadi lita 20 ili kushinda upepo ni kosa, kwa kuwa gesi huanza kuzunguka ovyo na kuvuta hewa ndani. Kusi inapovuma, upepo wa mita 2 kwa sekunde unatosha kuharibu kinga, kwa hiyo funga turubai pande mbili. Mpira wa gesi uliolala usiku kucha katika unyevu wa pwani upulize nusu dakika asubuhi kabla ya kuwasha.

Kikata plazma kina anodi hiyohiyo, ila huko adui mkubwa ni maji ndani ya hewa ya kompresa: fungua bomba la chini la tangi kila asubuhi. Moto ukianza kurukia nozeli badala ya bamba, tundu lake hupanuka na kuwa yai, na hapo dawa ni nozeli mpya.

Kioo cha kofia kiwe namba 10 hadi 12 kulingana na ampea. Ukifanya kazi ndani ya tangi la chombo, kumbuka agoni ni nzito kuliko hewa na hujaa kuanzia chini bila harufu. Weka feni ya kuingiza hewa safi, na mtu akae mlangoni muda wote.