Nairobi hadi New York: jinsi ya kukokotoa umbali na saa za safari

Tiketi inayosema unaondoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, 23:25 na kufika JFK, uwanja wa New York, 06:25 humfanya mtu ahesabu saa saba. Safari yenyewe ni saa kumi na tano. Ukijua kukokotoa umbali, mwendo na tofauti ya saa, kila kimoja peke yake, hutadanganyika tena, na njia ni hiyo hiyo kwa viwanja vyovyote viwili.

Anza na umbali. JKIA ipo latitudo −1.32, longitudo 36.93, JFK ipo 40.64 na −73.78. Kusini na magharibi hubeba alama ya kutoa. Fungua kikokotoo cha kisayansi kwenye simu, hakikisha kimeandika DEG, yaani kinahesabu kwa nyuzi, wala si RAD (hapa ndipo wengi hukwama), kisha andika:

sin(−1.32) × sin(40.64) + cos(−1.32) × cos(40.64) × cos(110.71)

Hiyo 110.71 ni tofauti ya longitudo mbili. Jibu ni karibu −0.283. Ligeuze kwa cos⁻¹ upate nyuzi 106.45, uzidishe kwa 111.19, ambazo ni kilomita za uzi mmoja juu ya uso wa dunia. Utapata kama kilomita 11,840. Ukipata 5,970, umesahau alama ya kutoa kwenye longitudo ya New York, na ndege yako imetua Kyrgyzstan.

Huo ndio umbali mfupi kuliko wote, unaofuata mviringo wa dunia: kutoka Nairobi kuelekea kaskazini-magharibi, juu ya Sahara hadi pwani ya Morocco, kisha Atlantiki. Ndege huruka zaidi ya hapo. Hukwepa mawingu ya radi na anga zilizofungwa, kama ya Sudan ilivyofungwa vita vilipoanza Aprili 2023.

Sasa muda. Ndege kama Boeing 787 husafiri kwa takriban kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo 11,840 ÷ 900 ni saa 13 na dakika 10. Ongeza dakika 30 hadi 45 za ndege kutembea uwanjani, kupaa na kushuka. Kinachobaki hadi saa 15 ni mzunguko wa njia na upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini pepo kali huvuma kutoka magharibi, hivyo kwenda ni mbisho, yaani dhidi ya upepo, na kurudi huwa kwa haraka zaidi. Tofauti hiyo hukua majira ya baridi ya kule.

Ukipitia Amsterdam, kokotoa kila kipande peke yake: 6,680 na 5,850. Kilomita zimeongezeka kama 700 tu. Kinachokula siku ni kungoja ndege ya pili.

Mwisho, saa. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, au 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi ya kwanza ya Novemba. 23:25 ukiongeza saa 15 ni 14:25 ya Nairobi. Toa 8, ni 06:25.

Na angalia tarehe sana. Safari ya 00:40 tarehe 12 ni usiku wa kuamkia tarehe 12, kwa hiyo uwe JKIA jioni ya tarehe 11. Anayefika usiku wa tarehe 12 atakuta ndege iliondoka karibu siku nzima iliyopita.