Somo: Kupandisha boti ya Rasa kwenye seva kwa mstari wa amri

Anza na toleo la Python, maana wengi hukwama hapa. Rasa, programu ya kutengenezea boti za mazungumzo, katika toleo la 3.6 inakubali Python 3.8, 3.9 na 3.10 tu. Ubuntu 24.04 huja na 3.12, ukilazimisha, pip (kisakinishi cha Python) ama itagoma au itakuvutia Rasa ya zamani sana.

python3.10 -m venv mazingira
source mazingira/bin/activate
pip install rasa==3.6.20
rasa init --no-prompt

Amri ya mwisho inakutengenezea mradi wa mfano na kuufunza. Fungua config.yml, weka `language: sw`, kisha andika sentensi zako ndani ya data/nlu.yml.

Kwenye pipeline (mlolongo wa hatua za kuchakata sentensi) usiiguse CountVectorsFeaturizer yenye `analyzer: char_wb`. Hiyo ndiyo inayokibeba Kiswahili. Inakata neno vipande vya herufi 1 hadi 4, kwa hiyo "nilipe", "ninalipa" na "kulipia" vinakutana kwenye "lip". Ukiiondoa, kila kiambishi kinazaa neno jipya ambalo boti haijawahi kuliona. Hata hivyo, andika mifano kama watu wanavyochati: "nataka kulipa", "nalipaje", "naomba namba ya kulipia".

Kagua data kwanza, kisha funza na ujaribu:

rasa data validate
rasa train
rasa shell nlu

Ya tatu inaonyesha boti imeelewa nini na kwa uhakika kiasi gani. Sentensi ikipata chini ya 0.3, FallbackClassifier ya chaguomsingi huihesabu kuwa haijaeleweka.

Modeli, yaani matokeo ya kufunza, ni faili moja la .tar.gz ndani ya folda ya models. Seva yako ikiwa na RAM ndogo, funza kwenye kompyuta yako kisha hamisha faili hilo kwa scp (amri ya kunakili faili kupitia SSH). Toleo la Rasa liwe lilelile pande zote mbili.

Kwenye seva:

rasa run -m models/jina-la-faili.tar.gz
rasa run actions

Ni michakato miwili: boti iko poti 5005, vitendo (msimbo wako wa actions.py) viko 5055. Andikia kila mmoja huduma yake ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) yenye `Restart=always`, la sivyo ukifunga SSH boti nayo inalala.

MASWALI

Mkuu, boti inasalimia vizuri, ila nikiuliza salio inanyamaza.
– Fungua endpoints.yml. Mistari ya action_endpoint huja na alama ya # mbele. Iondoe, kisha washa boti upya.

Nimebadili actions.py, majibu ni yaleyale. Nifunze tena?
– Hapana, washa upya huduma ya vitendo tu. Kufunza ni pale ulipogusa domain, data au config.

Telegram haileti ujumbe hata mmoja.
– webhook_url lazima ianze na https na iishie /webhooks/telegram/webhook. Telegram inakubali poti 443, 80, 88 na 8443 pekee, hivyo weka Nginx (seva ya wavuti inayopokea maombi na kuyapeleka kwa boti) mbele ya 5005.

Nikiwasha upya, mazungumzo ya wateja yanapotea.
– Chaguomsingi huyahifadhi kwenye RAM. Kwenye endpoints.yml weka tracker_store (ghala la mazungumzo) ya aina ya SQL, dialect postgresql.

Modeli mpya imeharibu mambo, narudije nyuma?
– Elekeza -m kwenye faili la jana. Ndiyo maana hatufuti modeli za zamani. Ukiacha -m bila kutaja faili, Rasa huchukua la karibuni zaidi, yaani lilelile bovu.

Na --enable-api niiweke?
– Hiyo hufungua API ya kuidhibiti boti kwa HTTP. Telegram haiihitaji. Ukiiweka, ongeza --auth-token, kwani bila hiyo yeyote anayeifikia poti anaweza kukubadilishia modeli.