Somo: Mradi wa picha za mtaa kwa wanafunzi, kwa kufuata mfuko mmoja wa simenti

Assalamu alaikum wanakikundi. Kila nikipokea wanafunzi wapya, wiki ya kwanza huniletea picha zile zile: punda amesimama kichochoroni, mlango wa nakshi, mama wa buibui anapotelea konani, jahazi na jua likizama. Siwalaumu, ndizo walizoziona kwenye kadi za posta. Lakini nikiuliza, "Punda huyu wa nani? Alikuwa amebeba nini?" watu hutazamana.

Somo hili ni la kuwatoa hapo. Nimeliandikia Mji wa Kale wa Lamu kwa sababu ndipo ninapofundishia, ila aliye Malindi, awe mtaa wa Shela, Maweni au Barani, atalitumia vilevile. Kamera si lazima. Simu yako yatosha, mradi lenzi isiwe na mkwaruzo.

Hatua ya 1: Pata swali linalotembeleka kwa miguu

"Maisha ya Lamu" si mada, ni bahari. Mwaka 1955 mpiga picha Mmarekani W. Eugene Smith alipewa kazi ya kupiga picha mia moja hivi za mji wa Pittsburgh kwa wiki tatu. Alikaa karibu mwaka mzima, akarudi na negativu zaidi ya elfu kumi, na akahangaika nazo kwa miaka. Na huyo alikuwa bingwa. Wewe una wiki sita, na mtihani wa hesabu unakungoja.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuja na "ujenzi katika mji wa kale". Nikamwambia apunguze. Akaja na "nyumba zinazokarabatiwa mtaani Mkomani". Nikamwambia bado. Alinuna siku mbili, ya tatu akaniambia: "Mwalimu, nitafuata mfuko mmoja wa simenti, kutoka gatini hadi ukutani." Hapo nikamwagizia chai.

Tazama alichokipata ndani ya mfuko huo. Magari hayaingii vichochoroni, kwa hiyo zile kilo 50 lazima zipite begani kwa mtu au mgongoni kwa punda. Ana hamali, ana mwenye punda, ana fundi, ana mwenye nyumba. Tena ana mgogoro: nyumba zetu za mawe zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na ukuta wa chokaa hupumua. Ukiupiga plasta ya simenti, unyevu hunaswa ndani, chumvi inasukuma, plasta inabanduka. Wahifadhi wanataka chokaa, maana mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Mwenye nyumba anataka kitu kinachopatikana leo na kukauka kesho. Hakuhitaji kuandika insha juu ya hayo. Alifuata mfuko tu.

Jipime hivi: mweleze bibi yako mradi wako kwa pumzi moja. Akikuuliza "ehe, kisha?" umefaulu. Akikuuliza "unasema nini?" rudi ukapunguze.

Hatua ya 2: Nenda siku tatu bila kamera

Wengi huiruka, kisha hunilalamikia kwamba watu wa gatini ni wakali. Mwanafunzi wa simenti alikwenda saa mbili asubuhi mara mbili, akakuta gati kavu na paka. Mzee mmoja wa kahawa akamwambia, "Mwanangu, hapa hatufuati saa ya ukutani, twafuata maji." Boti zenye mzigo mzito huja maji yakijaa, na maji hayajai saa ile ile kila siku. Tangu hapo daftari lake lina safu ya kujaa na kupwa kando ya tarehe.

Andika majina, saa, njia, na maneno wanayoyatumia wenyewe. Yeye alijifunza kwamba ule mfuko wa kusukwa uliolazwa mgongoni kwa punda ni shogi. Ukijua neno hilo, mwenye punda anakuona kwa jicho jingine.

Hatua ya 3: Ruhusa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo miradi inapofia.

Watu wa Lamu wamechoka na kamera. Mtu ameinama anafunga kiatu, akiinuka anakuta mgeni amekwisha mpiga. Wewe si mgeni, lakini ukiinua simu unafanana naye. Basi salimu kwanza, tena salamu kamili, si "mambo". Sema wewe ni mtoto wa nani na unakaa wapi. Hapa kwetu hicho ndicho kitambulisho. Kisha sema picha zitakwenda wapi. Ruhusa ya kubandikwa ukutani shuleni ni moja, ya kuwekwa mtandaoni ni nyingine. Ziombe mbali mbali, na uandike jibu la kila moja.

Kuhusu paa la nyumba natoa onyo la peke yake, kwa sababu wanafunzi wanalipenda. Ukiwa juu ya paa Lamu huoni mji tu, unaona viwanda vya ndani vya watu, yaani nyua zao, na watu wakiwa bila mitandio. Usipige kuelekea chini. Dirishani vivyo hivyo. Mazishini hata usiulize.

Mtoto hatoi ruhusa peke yake: mtafute mzazi au mlezi, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka hivyo hivyo. Anayekataa, mshukuru na ukae pale pale mmalize mazungumzo. Ukiondoka mbio, umeonyesha kwamba ulimjia kwa ajili ya sura yake.

Hatua ya 4: Piga

Katika vichochoro jua lenyewe huingia muda mfupi tu, karibu na saa sita, na linaingia kama kisu: nusu ya uso nyeupe, nusu giza. Nafuu ni saa tatu hadi saa nne, jua likipiga ukuta wa juu uliopakwa chokaa, nao ukilirudisha chini kwa upole. Msimamishe mtu upande ulio mkabala na ukuta huo. Kwenye simu, gusa skrini pale penye mwanga mkali zaidi kisha upunguze kidogo, la sivyo kanzu nyeupe itaungua. Punda anatembea kasi kuliko unavyodhani: mwenye kamera aanzie kasi ya shata, yaani muda lenzi inapopitisha mwanga, ya 1/250 ya sekunde. Futa lenzi kila nusu saa, hasa upepo ukitoka baharini, maana chumvi hujenga ukungu usiouona hadi ufike nyumbani.

Piga mahali, mtu, kazi na kitu. Halafu baki baada ya kazi kwisha. Picha bora ya mradi ule haina mfuko kabisa. Mfuko umeshaingia ndani, shogi tupu limelegea ubavuni, hamali ameegemea daka la mlangoni akihesabu noti, na begani kwake pamebaki alama ya kijivu ya pembe nne, kama kiraka. Aliipata kwa sababu hakuwahi kuondoka.

Hatua ya 5: Maelezo ya picha

Mwaka 1936, kule Nipomo, California, Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja na watoto wake kambini kwa wachuma njegere. Picha ikazunguka dunia. Jina la mama hakuliuliza. Lilikuja kujulikana mwaka 1978: Florence Owens Thompson, naye hakuwa na furaha na ile picha.

Mimi nina yangu, ndogo lakini bado inaniwasha. Katika maonyesho yangu ya kwanza niliandika chini ya picha moja "Mvuvi akishona nyavu". Mwenyewe akaja, kavaa kofia yake safi, akaitazama kwa muda. Akasema taratibu, "Mwalimu, na samaki zangu ziko wapi?" Alikuwa fundi wa kushona tanga. Kazi ya maisha yake, na mimi nimeibadilisha kwa maneno matatu. Kwa hiyo: nani, wapi, lini, anafanya nini. Msomee mwenyewe kabla hujachapisha.

Hatua ya 6: Chambua

Chapisha picha ndogo ndogo za karatasi, zitandaze kwenye mkeka, uzipunguze. Kutoka mia tatu baki na arubaini, kutoka arubaini baki na kumi na mbili. Ile nzuri isiyosema kitu itoke, hata ukilia. Nakala weka mahali pawili.

Hatua ya 7: Rudisha

Mji huu una historia yake ya picha. Omar Said Bakor alikuwa na studio hapa hapa Lamu, akijulikana kwa kuunganisha picha mbili tatu zikawa moja ya ajabu. Wazee wanajua thamani ya picha ya karatasi. Kwa hiyo kila uliyempiga apate yake mkononi, si kwa simu. Na uonyeshe kwanza mahali kazi ilipofanyika. Sisi tulitundika zile kumi na mbili kwa kamba na vibanio karibu na gati kabla hazijafika shuleni. Mahamali walisahihisha mawili: njia moja niliyoiita kwa jina la mtaa jirani, na punda mmoja aliyepewa mwenyewe asiye wake.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Kutoka Faza: Mwalimu, mimi naona haya kusema na watu. Nikitumia lenzi ndefu nikiwa mbali, si ni sawa?

Haya zako zitaonekana kwenye picha. Anza na mtu mnayejuana: mjomba wako, muuza mahamri wa pale kwenu. Mradi mzima waweza kuwa juu ya mtu mmoja.

Kutoka Malindi: Napiga pale wavuvi wanapoteremsha samaki, na kila mtu anataka pesa. Nilipe?

Mimi silipi picha, maana ukimlipa mmoja anaanza kukuigizia. Lakini hawakosei kuuliza, wamezoea kuona picha zao zikiwapa wengine riziki. Waambie kweli kwamba huuzi, wapelekee picha za karatasi wiki ya kwanza, na usisimame njiani mtu amebeba kapu. Ukiombwa kushika kamba, shika.

Kutoka Mokowe: Nikikosa tukio, naweza kumwomba arudie?

Kazi, hapana. Iliyopita imepita, kesho kuna boti nyingine. Picha ya mtu ametulia anakutazama, huko mpange utakavyo, kila mtu anaona kwamba imepangwa.

Kutoka Langoni: Droni je?

Inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA. Na soma tena nilivyosema juu ya mapaa.

Kutoka kwa mzazi, Mkomani: Mwalimu, shikamoo. Binti yangu anataka mradi wa gatini. Nina wasiwasi na kukaa kwake kule.

Marahaba, dada yangu. Wasiwasi wako ni wa haki. Hakuna mwanafunzi wangu anayekwenda peke yake, wa kike wala wa kiume. Huenda wawili, mmoja anapiga, mwingine anaandika daftari, na kabla ya Magharibi wako nyumbani. Siku ya kwanza njoo naye umsalimu mzee wa kahawa.

Kutoka Malindi tena: Sasa ule ukuta wa simenti uliishia vipi?

Alirudi baada ya masika. Plasta imevimba chini, na unyevu umepanda hadi usawa wa goti. Amepiga, ndiyo picha ya kumi na tatu. Fundi amemwita akapige na chumba cha pili, ambako chokaa iliwatosha.