Jinsi ya Kununua Dawa kwa Kiambato Chake Badala ya Jina Lililozoeleka

Mama mmoja aliyenitangulia kwenye foleni ya duka la dawa aliomba Panadol. Muuzaji akamjibu kwa upole, "Mama, Panadol imeisha, lakini parasetamoli ya kawaida ipo, na bei yake ni nafuu." Mama akatikisa kichwa: "Hapana mwanangu, mimi nataka ile yenyewe." Akaondoka na kichwa kikimuuma, ilhali dawa aliyoikataa na ile aliyoitaka zote ni parasetamoli ya miligramu 500.

Simlaumu hata kidogo. Mnunuzi hana maabara nyumbani, kwa hiyo jina alilolizoea tangu utotoni hushika nafasi ya ushahidi, na kwetu majina hayo yamezama katika lugha kiasi kwamba mtu hutumwa dukani kununua Kiwi au Blue Band na kurudi na bidhaa ya kampuni nyingine kabisa. Jina lenyewe hata hutuliza maumivu. Mwaka 1981 watafiti wa Uingereza waliwapa wanawake 835 wenye kuumwa kichwa ama aspirini ama vidonge visivyo na dawa, vingine vikiwa na nembo maarufu na vingine bila nembo, na ikaonekana kwamba nembo iliongeza nafuu hata kwenye vidonge visivyo na dawa ndani yake. Lakini wanaoijua dawa kwa undani hununua kwa namna nyingine: uchunguzi wa wachumi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa wafamasia walichagua nembo maarufu za dawa za kichwa kwa takriban asilimia 9 tu ya manunuzi yao, wakati kwa mnunuzi wa kawaida ilikuwa asilimia 26.

Ujuzi huo unapatikana, na pa kuanzia ni boksi ulilonalo kabatini. Chini ya jina kubwa la kibiashara, tafuta maandishi madogo yanayotaja kiambato hai, yaani kile kinachotibu hasa, na kiasi chake. Kwenye Brufen utakuta ibuprofen, kwenye Flagyl utakuta metronidazole. Yaandike maneno hayo kwenye karatasi au kwenye simu yako jinsi yalivyo, pamoja na idadi ya miligramu, kisha ukifika dukani omba dawa kwa jina hilo na uulize wana za kampuni zipi na kwa bei gani.

Unapopewa boksi, linganisha mambo matatu kabla ya kutoa pesa: viambato vyote, nguvu ya kila kidonge, na umbo la dawa, yaani kama ni kidonge, kapsuli au dawa ya maji. Hapa ndipo wengi hukosea. Panadol Extra, kwa mfano, ina parasetamoli miligramu 500 na kafeini miligramu 65, kwa hiyo parasetamoli tupu haichukui nafasi yake sawasawa. Rangi, ladha na ukubwa wa kidonge visikutishe, kwa kuwa hutokana na wanga, rangi na vitu vya kushikamanisha kidonge ambavyo kila kiwanda hujichagulia. Bei nayo ina maelezo yake: aliyevumbua dawa hulindwa na hataza, yaani haki ya kuzuia wengine wasiitengeneze, kwa miaka 20, na muda huo ukiisha wengine huruhusiwa kuitengeneza bila kurudia majaribio yote ya gharama kubwa, mradi wathibitishe kuwa dawa yao hufika kwenye damu kwa kiwango kinacholingana na ya awali.

Hofu ya dawa bandia ni ya kweli, ila jina kubwa si kinga, maana anayeghushi hupenda kuiga kile ambacho watu wanakitafuta. Nunua kwenye duka lililosajiliwa, kagua tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo, na ukiwa na shaka uliza Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba nchini Tanzania, au Bodi ya Famasia na Sumu nchini Kenya.

Kusoma kiambato kunaokoa zaidi ya pesa. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, na anayezimeza pamoja na Panadol akidhani ni dawa mbili tofauti anaweza kuvuka gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, ambazo ndizo kikomo cha mtu mzima, na anayeumia ni ini.

Zipo dawa ambazo hupaswi kubadilisha kwa uamuzi wako mwenyewe: za kifafa, warfarin ya kuzuia damu kuganda, na levothyroxine ya tezi ya shingo, kwa sababu tofauti ndogo ya kiwango kwenye damu inaweza kumrudisha mgonjwa kwenye hatari. Mgonjwa wa kifafa aliyetulia kwa miezi kadhaa akikabidhiwa boksi la kampuni nyingine, arudi dirishani siku hiyohiyo amuulize mfamasia, na ampigie daktari wake, kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.