Gari ya zamani ikikataa kuwaka asubuhi, usikimbilie kununua spea

Kama unaishi Nakuru unaijua ile baridi ya Julai, ya saa kumi na mbili asubuhi, ukishika mlango wa gari hadi mkono unauma. Hapo ndio gari za zamani hupenda kuleta madharau. Unageuza ufunguo, kimya. Ama "tak" moja. Ama inazunguka weee na haishiki, mtoto wa shule ako kiti ya nyuma anauliza kama tutachelewa, na jirani ameshasimama kwa geti na kikombe cha chai anakwambia "hiyo ni betri tu." Mimi niko na Corolla AE100, injini ni 5A, na hii njia naandika hapa nilijifunza baada ya kuchoma pesa.

Kwanza wachana na spana, tumia masikio. Gari ikikataa huwa inakuambia shida iko upande gani, na pande ni mbili tu, kama injini haizunguki hiyo ni shida ya umeme wa kuzungusha (betri, teminali, waya, stata yaani ile mota inazungusha injini), na kama inazunguka vizuri lakini haiwaki hiyo ni moto wa plagi ama mafuta. Watu wengi huchanganya hizi mbili ndio unapata mtu amenunua betri mpya na gari ilikuwa inazunguka poa kabisa, kumbe ni petroli imeisha na geji ya tangi ilikufa miaka iliyopita.

Tuanze na haizunguki. Washa taa kubwa halafu geuza ufunguo mtu akiangalia mbele. Taa zikizima kabisa ama zikififia sana na unasikia "taktaktaktak" ya haraka, betri iko chini ama teminali hazishiki. Taa zikibaki vile ziko na hakuna kitu inafanyika, moto haufiki kwa stata. Kama ni otomatiki weka N ujaribu tena, kuna swichi ya gia huwa inachoka na gari inadhani haiko kwa P. Na kama aliyekuuzia alikuwa ameweka alamu na kataut (swichi ya kufichwa ya kukata umeme), tafuta hiyo kataut kabla hujamsumbua fundi, nimeona mtu amevuta gari hadi gereji na shida ilikuwa kaswichi kadogo chini ya dashibodi mtoto alikabonyeza.

Mita ya kupima volti nunua, hata ile ya bei rahisi kabisa. Betri ikiwa imepumzika usiku mzima, 12.6 imejaa, 12.2 imebaki nusu, chini ya 12 hiyo imelala. Mtu akizungusha, ikishuka chini ya 9.6 betri imechoka hata kama ilikuwa inasoma poa mwanzo. Gari ikiwaka inafaa isome kati ya 13.8 na 14.4, kama inasoma 12 na kitu basi altaneta haichaji na betri mpya utaiua tu hivyo hivyo. Teminali zikiwa na ule unga mweupe wa kijani, toa, mwagia maji moto na magadi kidogo, sugua na msasa, rudisha ukaze. Ukitoa anza na ya negativu, ukirudisha hiyo ndio ya mwisho. Usiguse macho, hiyo ni asidi.

Sasa hapa ndio nililiwa. Gari yangu ilikuwa inafanya "tak" moja, inanyamaza. Betri nilikuwa nimepima, iko sawa. Fundi mmoja akasikiza sekunde mbili akasema stata imeenda, nikatafuta stata ya mtumba, elfu tano, akafunga, ikawaka siku mbili nikafurahi, siku ya tatu "tak." Kumbe ni athi. Ule waya mnene unatoka negativu ya betri unaenda kwa bodi na kwa injini, kwa nje ulikuwa mzima lakini ndani ya ile plastiki nyuzi zilikuwa zimeoza zimekuwa kijani. Siku mbili iliwaka kwa sababu wakati wa kufunga stata waya ulichezwa ukashika kidogo. Gari za miaka ya tisini hii shida iko sana na mafundi wengi hawaiangalii kwa sababu haionekani.

Kuipima ni rahisi. Weka mita kwa volti, waya moja ya mita kwa nguzo ya negativu ya betri (nguzo yenyewe, usiweke kwa teminali), ingine kwa chuma safi ya injini, mtu azungushe. Ikisoma zaidi ya 0.5 athi ni mbaya. Huna mita? Chukua zile kebo za kuchapa jampa, shika moja tu, upande mmoja kwa negativu ya betri upande wa pili kwa chuma ya injini mbali na fen belti, geuza ufunguo. Ikizunguka kama mpya umeshapata jibu, na hujatumia hata shilingi. Fanya hivyo hivyo upande wa positivu na mita, kutoka betri hadi boliti kubwa ya stata. Hizi zote zikiwa sawa na bado ni "tak" ndio sasa unaweza kulaumu stata, igonge polepole na mti wa nyundo mtu akizungusha, ikishika brashi zimeisha, hiyo inakufikisha nyumbani tu.

Handbreki na nyutro kabla ya yote haya tafadhali.

Inazunguka lakini haiwaki: toa plagi moja, irudishe kwa waya wake, iguze chuma ya injini, shika na koleo ya mpira, mtu azungushe. Moto mzuri ni wa bluu na unalia. Hakuna moto, fungua kofia ya distribyuta, kile kifaa kinagawia plagi moto. Wakati wa mvua ya Aprili unyevu ukiingia hapo gari haiwaki hadi upanguze na kitambaa kikavu. Na ukiwa hapo cheki kitu moja ya maana, mtu azungushe uangalie rota, kile kipande kinazunguka ndani ya distribyuta. Kama injini inazunguka na rota imesimama, taiming belti imekatika, acha kuzungusha, itisha mtu wa kuvuta. Waya za plagi kabla ya kutoa ziwekee alama, mpangilio wa hizi injini ni 1-3-4-2 na ukikosea itapiga risasi kwa ekzosi mtaa mzima uamke.

Moto uko? Basi ni mafuta. Kwa hizi Toyota pampu hailii ukiwasha ufunguo tu, inalia ikizunguka, kwa hivyo usiseme imekufa kwa sababu hujasikia. Chini ya boneti kuna kaboksi ka DIAGNOSIS, unganisha matundu yameandikwa FP na +B na kipande cha waya ufunguo ukiwa ON, sikiliza kwa tangi. Inalia na gari haiwaki, angalia filta. Hailii, anza na fyuzi na rilei. Plagi zikitoka zimelowa petroli umeifurika, kanyaga mafuta hadi chini uzungushe sekunde kumi, upumzike, urudie, usikazane ukaunguza stata. Na kama petroli ulijaza jana mahali pa bei ya kushangaza, nusa. Mafuta ya taa yana harufu yake, na hata ule ushuru wake wa 18 bob kwa lita uliwekwa 2018 kuzuia kuchanganya haujawamaliza hao watu.

Wenye kabureta, wale wa Datsun na Peugeot 504 ile ilishinda Safari Rally 1975 na 1978, nyinyi vuteni choki asubuhi na mwachane na kupampu mafuta mara ishirini.

Ile athi mpya ilinigharimu mia sita. Stata ya zamani iko chini ya kitanda, ni nzima, kama kuna mtu Free Area hapa Nakuru ako na AE100 anaitaka aseme.