SOMO: Kutia matundu ya vifungo kwa kile kifaa cha zamani cha Singer

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne, na swali ni lilelile: hiki kifaa cha matundu ya vifungo kinatumikaje? Nalijibu hapa mara moja. Mwenzako akikuuliza, mwelekeze huku.

Nazungumzia kile kifaa cha chuma kinachofungwa mahali pa mguu wa cherehani (ule unaobana kitambaa chini ya sindano), chenye vigezo vidogo vya bati ndani, kila kimoja kwa ukubwa wake wa tundu. Singer walikitengenezea cherehani zisizopiga zigizaga, na Greist wa Marekani nao walikuwa na vya kwao. Mara nyingi utakikuta kwenye droo ya cherehani ya mtumba, na anayekuuzia hajui ni cha nini. Kwenye Singer 15 kinakaa bila tabu, na kwenye cherehani ya Butterfly ya miguu vilevile, maana imeigwa kutoka hiyo Singer 15. Elewa jambo moja kabla ya yote: sindano inapanda na kushuka palepale. Kinachosukumwa kulia na kushoto na kuzungushwa ni kitambaa.

1. Toa mguu, safisha vumbi la uzi kwenye meno (yale ya chini yanayosukuma kitambaa), weka sindano mpya. Namba 14 kwa shati, 16 kwa Kaunda suti.

2. Funika meno kwa kibati chake. Skrubu yake inaingia kwenye tundu lililo kulia kwa sindano. Bila kibati, meno yanavuta kwao na kifaa kinavuta kwake.

3. Chagua kigezo. Pima upana wa kifungo, ongeza unene wake. Fungua mlango wa chini wa kifaa, laza kigezo, funga. Mlango ukigoma usiulazimishe. Zungusha kitufe cha juu kidogo mpaka kigezo kikae.

4. Sindano ikiwa juu, pandisha uma wa kifaa (mkono wake wenye ncha mbili) kwenye skrubu inayobana sindano, ndipo ufunge kifaa kwenye fimbo ya mguu. Kaza kwa bisibisi, vidole havitoshi. Kabla ya kutia uzi, zungusha gurudumu kwa mkono mizunguko mitatu ukiangalia kama sindano inashuka bila kugusa chuma.

5. Rekebisha upana wa mshono na nafasi ya katikati ya kukatia tundu. Jaribu kwenye kipande cha kitambaa kilekile, tabaka zilezile, gamu (kitambaa cha kukazia ndani) ileile. Ukijaribu kwenye kitambaa tofauti hujajaribu kitu.

6. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma taratibu. Nilikuwa na Kaunda suti ya mteja, kitambaa kizito cha rangi ya maziwa. Matundu matatu yalitoka safi. Kufika la nne, upande wa mbele wote ulikuwa umening'inia nje ya meza, na kila kifaa kilipousukuma, uzito wake uliurudisha. Mzunguko wa pili haukulalia wa kwanza, ikatoka mistari miwili kila upande, kama reli. Nikafumua. Nyuzi zilitoka, vitobo vya sindano vikabaki, wala pasi ya mvuke haikuvifuta. Nilinunua kitambaa kingine kwa pesa yangu nikakata mbele upya, na mteja alikwenda harusini na koti la kuazima.

Kwa hiyo: weka kigoda au meza ndogo kando ili nguo yote ilale sawa na cherehani. USIISHIKE nguo wala kuiongoza. Mikono yako ikae pembeni. Usiinue kifaa katikati ya kazi. Kitufe cha juu kizungushwe sindano ikiwa nje ya kitambaa tu. Anzia kwenye upande ulionyooka, si kwenye pembe, ili mwanzo na mwisho vikutane pasipoonekana. Zunguka mara mbili. Kanyaga kwa mwendo mmoja, maana ukisita, cherehani ya miguu inaweza kugeuka nyuma na kukata uzi.

7. Choma pini kila mwisho wa tundu, ndipo ukate kwa kifumulio kutoka katikati. Bila pini utapasua mpaka nje.

Utunzaji: grisi ya zamani huganda ikawa kama nta. Fungua mlango wa chini, sugua kwa brashi ya meno na mafuta ya taa kidogo, futa, acha kikauke kabisa. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungio. Mafuta ya kupikia au ya nazi yatagandisha tena.

MASWALI

Bobini2: Yangu inavunja sindano tu, shida nini?
— Hatua ya 4.

Bobini2: Nimeisoma mkuu, bado.
— Umezungusha kwa mkono mara tatu? Uma umepanda kwenye skrubu au uko chini yake? Piga picha tuone. Kwa maneno hayo siwezi kukusaidia.

MshonoWaPwani: Shikamoo fundi. Kwa nini tunazunguka mara mbili? Hakuna namna ya kubananisha mishono mara moja?
— Marahaba, swali zuri sana. Sindano ikipanda, uma unasukuma gurudumu la ndani jino moja. Meno ya gurudumu hilo hayaongezeki, kwa hiyo huwezi kubananisha kwa kurekebisha cherehani. Mzunguko wa pili ndio unaojaza mapengo ya wa kwanza. Ukitaka tundu la koti lililoinuka, laza uzi mnene juu ya mstari na ushonee juu yake mizunguko yote miwili.

Kitambaa_Kizito: Nina Singer 401, kifaa hakikai.
— Sindano ya 401 imeinama, inataka kifaa cha aina yake. Chako ni cha sindano iliyosimama. Wengine pimeni kabla ya kununua: shusha mguu, pima kutoka bamba la chini hadi skrubu ya mguu. Nusu inchi hadi robo tatu, kitakaa. Inchi moja na zaidi, hicho si chako.

FundiWaSare: Mimi naosha kwa petroli, inatoa uchafu haraka.
— Na pasi ya mkaa iko mita moja kutoka ulipo. Sikubaliani na hilo hata kidogo. Hata mafuta ya taa fanyia nje.

MshonoWaPwani: Kwenye shati matundu yanasimama au yanalala?
— Ya mbele yanasimama, la shingoni kwenye kola linalala. Kwenye koti yanalala, kifungo kikae mwisho wa tundu.

Uzi_Mweupe: Chaki inaniachia alama kwenye kitambaa cheusi.
— Tumia kipande cha sabuni nyeupe kilichobakia, kikiwa kikavu. Chora mstari mwembamba, unatoka kwa kufua.

FundiWaSare: Na kwenye kushona kifungo cha koti, weka njiti ya kiberiti kati ya uzi na kifungo, shona juu yake, itoe, zungushia uzi shingoni mwa kifungo, kati yake na kitambaa, mara nne.
— Hii naichukua. Mimi natumia njiti mbili kwa Kaunda suti, kitambaa chake kinene.