Umenunua gari ya spoti ya mkononi, inayumba na breki huziamini? Anzia hapa

Kama gari umeichukua juzi tu na tayari usukani unavuta upande, au pedeli ya breki inaingia chini kuliko ulivyotegemea, usikimbilie kuagiza breki kubwa wala kushusha springi. Gari za namna hii zikishapita kwa watu wawili watatu kila mmoja anaacha chake, huyu kakata springi, yule kaweka spesa za rimu (vipande vya kusogeza magurudumu nje), wa mwisho kafunga tairi mbili za bei chee nyuma ili auze haraka, halafu wewe unaipokea ukidhani ndo ilivyo toka kiwandani. Kwahiyo kazi ya kwanza ni kuirudisha karibu na ilivyotengenezwa, na mpangilio wake ni tairi, breki, viungo vya chini, alaimenti (kupanga pembe za magurudumu) mwisho kabisa. Wengi wanaanza na alaimenti, wiki mbili baadae wanabadilisha bushi (mipira ya kwenye viungo vya chini), vipimo vyote vinahama wanalipa tena.

Tairi basi. Chuchumaa, tafuta herufi DOT ubavuni mwa tairi, zifuate mpaka mwisho utakuta tarakimu nne, mfano 3217, hiyo ni wiki ya 32 ya mwaka 2017. Usipoziona upande wa nje angalia upande wa ndani, mara nyingi ziko huko. Hapa gari za spoti zinadanganya sana kwa sababu nyingi zinalala ndani miezi mizima, unakuta meno ya tairi yamejaa kabisa lakini mpira umeshakauka, na mpira mkavu haushiki lami hasa ikiwa imelowa au baridi. Ikipita miaka 6 anza kuitilia shaka, ikifika 10 toa hata kama inang'aa.

Alafu linganisha zote nne. Tairi za ekseli moja zinatakiwa ziwe za aina moja na zimeisha sawasawa. Nyuma kuwa pana kuliko mbele sio kosa kwa gari nyingi zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, ila isiwe ni ubunifu wa mwenye gari wa zamani, saizi sahihi utaikuta kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari. Upepo nao unafuata stika hiyo hiyo, na unapimwa tairi ikiwa ya baridi. Ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo, sio kiwango cha kujaza, na kuna mafundi wa tairi mpaka leo wanajaza kwa kuifuata hiyo.

Kabla hujasimama pitisha kiganja juu ya tairi kukatisha upana wake, kutoka ndani kwenda nje, kisha rudi. Kama upande mmoja kunateleza na ukirudi kunakwaruza kama msumeno, tairi imekuwa ikiburuzwa kidogo kidogo, yani magurudumu hayaangalii mbele sawasawa. Ikiwa imeisha ukingo wa ndani tu na gari imeshushwa, sababu unayo tayari.

Kuna gari pia ambazo ukali ni tabia yake na sio ubovu. Toyota MR2 ya kizazi cha pili, injini iko katikati, au Honda S2000 za mwanzo, ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona uzito unahamia mbele, nyuma inabaki nyepesi inakutangulia. Toyota wenyewe waliirekebisha sasipensheni ya MR2 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Honda wakafanya hivyo kwa S2000 ya mwaka 2004, kwahiyo sio wewe tu. Punguza mwendo kabla ya kona, ukishaingia tuliza mguu.

Sasa breki, na hapa usiwe na haraka. Vipimo vya kwanza unafanya gari imesimama. Injini ikiwa imezimwa kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu, iache mguu juu yake, washa injini: inatakiwa ishuke kidogo. Isiposhuka busta (kifaa kinachoongezea mguu wako nguvu) ina tatizo au mpira wake wa hewa umepasuka. Endelea kuikandamiza injini ikiwa inawaka, ihesabu kama nusu dakika hivi, ikizama taratibu na chini hakuna mafuta yanayovuja basi mara nyingi ni masta silinda (pampu kuu ya breki), mpira wa ndani unapitisha. Ikiwa inabonyea kama sponji na inakuwa nzuri ukiipampu, kuna hewa kwenye mfumo. Pedeli inayogusa sakafu, au mafuta ya breki yanayodondoka kwenye gurudumu, hiyo gari haiendeshwi hata kwenda kwa fundi, ivutwe.

Mafuta ya breki ndo kitu kinachosahaulika kuliko vyote. Yanafyonza unyevu kutoka hewani hata gari ikiwa imepaki, na unyevu unashusha kiwango chake cha kuchemka. DOT 4, mojawapo ya aina za mafuta haya, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, ikishanyonya maji kikomo hicho kinashuka mpaka 155. Ukiwa unashuka mlima mrefu na umeshikilia breki, yanachemka, yanatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka kirahisi, unakanyaga pedeli hamna kitu. Kama muuzaji hana risiti ya lini yalibadilishwa, yabadilishe yote tu, na baada ya hapo kila miaka 2. Soma kifuniko cha chupa kinataka aina gani. DOT 3, 4 na 5.1 ni jamii moja, DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo, namba zinafanana ila ni vitu tofauti kabisa.

Kuhusu kuvuta upande, tenganisha mambo mawili. Inavuta muda wote? Angalia tairi na alaimenti. Inavuta ukishika breki tu? Shida iko kwenye breki yenyewe au bushi za mkono wa chini (chuma kinachoshikilia gurudumu). Endesha kidogo bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa diski, lenye joto kuliko wenzake ndo lenye kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) iliyokwama. Inua kwa jeki, zungusha gurudumu, likiwa zito mwambie fundi alegeze nati ya kutolea hewa kwenye kalipa. Mafuta yakichomoka na gurudumu likawa jepesi hapo hapo, pistoni ni nzima, mpira wa breki (bomba linalopeleka mafuta kwenye kalipa) ndo umevimba ndani na unazuia mafuta yasirudi. Watu wanabadilisha kalipa nzima kwa kosa la kipande cha mpira. Likibaki zito basi ni pistoni au pini za kalipa zimekauka, na pini dalili yake ni pedi ya ndani na ya nje kuisha tofauti.

Usukani unaotetemeka ukishika breki kila mtu atakwambia diski imepinda. Mara nyingi haijapinda, ni unene wake haulingani au pedi imeacha utando sehemu moja, na kuna wakati ni kutu tu kati ya diski na habu (kitovu ambacho diski inakaa). Toa diski, sugua habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, rudisha, kaza nati kwa mtindo wa msalaba na kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), sio ile mashine ya upepo inayokaza mpaka inalia. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umegongwa kwenye diski yenyewe, pembeni ya neno MIN, pima kabla hujakubali kuichonga. Diski zenye matundu, kagua nyufa zinazoanzia kwenye matundu, ufa uliofika ukingoni hauna mjadala.

Ukifunga pedi na diski mpya zizoeshane kwanza. Barabara tupu, toka kama kilomita 60 kwa saa shuka mpaka 15 hivi kwa kukanyaga imara, usisimame kabisa, rudia mara nane au kumi, kisha tembea bila breki zipoe. Ukisimama zikiwa za moto usishikilie pedeli, pedi itajichapa sehemu moja na mtetemo unarudi.

Chini ya gari, weka stendi, jeki peke yake usiiamini. Shika gurudumu juu na chini ulitikise: likicheza, mwenzio akanyage breki, mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki ni boli jointi (kiungo cha mpira wa chuma) au bushi. Shika kushoto na kulia, ukicheza hapo angalia tairodi (fimbo za usukani). Shokapu yenye mafuta mwilini imekufa, na zinabadilishwa jozi. Springi zilizokatwa rudisha za kawaida.

Pia washa swichi uangalie taa za ABS na ile ya kuzuia kuteleza, zinatakiwa ziwake kisha zizime. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki inawaka, maana huenda kuna mtu kaizima makusudi.

Hayo yote yakiisha ndo uende alaimenti, ya magurudumu manne, upepo uwe sahihi na buti lisiwe na mizigo, na umkumbushe fundi kuseti upya sensa ya usukani kama gari yako inayo. Dai karatasi ya kabla na baada. Kama kemba (gurudumu linavyolala ndani au nje) ya kushoto na kulia zinapishana sana na nati ya kurekebishia imefika mwisho, au ekseli ya nyuma inaelekea pembeni, huenda gari iligongwa ikapakwa rangi, na hapo karatasi hiyo ndo unarudi nayo kwa aliyekuuzia.